Matuta ya Bibi Kwenye Bustani ya Watu Wote

Wiki iliyopita mafundi wa mabomba walichimba mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Milanzi. Walikuwa na haraka zao, wakageuza majani chini, udongo juu, wakashindilia kwa miguu na kuondoka. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne nilipofungua mlango asubuhi nilikutana na harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: majani mabichi yanayooza chini ya udongo, yenye uchachu kidogo wa togwa iliyokaa sana, na kitu kingine kitamu ambacho mpaka leo sijui kukitaja. Mume wangu alisema mafundi waitwe warudi, maana hapo pananuka. Mimi nilikaa kizingitini na kikombe changu mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimerudi Kizwite, mtaa niliokulia, darasa la tatu, nimemshika bibi yangu mkono.

Wengi wa rika langu mlikuwa na bibi wa namna hiyo, yule aliyeletwa mjini bila kuulizwa kwa sababu anapendwa. Wetu aliletwa kutoka kijijini Mollo. Babu alipofariki Bibi alibaki peke yake miezi kadhaa, kisha siku moja moto wa mafiga ukashika nyasi za paa, jiko likaungua lote, na majirani wakamkuta amekaa nje anautazama tu. Baba yangu, mtoto wake wa pekee wa kiume, alifunga karakana yake ya useremala siku hiyo hiyo na kwenda kumchukua. Alirudi naye jioni, amevaa sweta la babu juu ya kitenge, jembe lake mkononi. Mama alijaribu kumpokea lile jembe akakataa, akaingia nalo mpaka chumbani.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vitatu na ua mdogo ambao Baba alikuwa ameusakafia wote kwa sementi. Alijivunia sakafu ile kuliko nyumba yenyewe. Wakati wa masika, wenzetu wakikanyaga tope la Ufipa linalong'ang'ania kiatu hadi kinavuka, sisi tulitembea peku uani kwetu na kulala na miguu safi. Bibi aliwekewa kigoda upande wa jua. Asubuhi alifagia sementi, ambayo haikuwa na kitu cha kufagiwa, kisha akakaa kuitazama. Ugali wa ulezi aliopenda alianza kuubakiza. Maneno nayo akawa anayabakiza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliacha kunitania. Kule Mollo hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa mke mwenzake, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kike, na kila nilipofika aliniuliza kama mume wetu nimempikia au nimekuja kula vya wenzangu. Babu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Sasa mume wetu alikuwa hayupo, na Bibi akawa ananiita kwa jina langu la shuleni, kwa adabu, kama mgeni.

Siku moja nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia Mama, akichambua maharage na jirani, anasema kwa sauti ya chini, "Mama anakwisha. Akiivuka masika hii tumshukuru Mungu." Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa maana ya kukwisha, lakini sikuwa na umri wa kutosha kumuuliza mtu. Nikaamua kumchunga mwenyewe.

Mama ndiye aliyeniagiza nimpeleke bustanini. Haikuwa mbali, nyumba kama kumi kutoka kwetu. Ilikuwa na miti ya jakaranda, viti viwili vya zege, maua yaliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na nyasi. Mbele nyasi zilikatwa fupi, isipokuwa sehemu moja yenye upara, pale ambapo watu walikatiza kwenda barabarani hadi ardhi ikawa ngumu. Nyuma, kwenye ua wa michongoma, nyasi zilikuwa zimesimama kunizidi kimo, maana mtunza bustani, Mzee Masanja, hakuwa amefika huko na fyekeo lake tangu mvua zianze. Alikuwa Msukuma, mtu mrefu, mpole, mwenye koti la mvua la njano ambalo alilivaa hata siku za jua. Watu walikaa mle bila kufanya kitu chochote. Kwa muda mrefu niliamini ni wagonjwa, kwa sababu nyumbani kwetu aliyekaa mchana bila kazi alikuwa anaumwa.

Bibi alisimama mbele ya zile nyasi ndefu muda mrefu. Akazishika, akang'oa moja na mizizi yake, akanusa udongo.

"Shamba la nani hili?" akaniuliza kwa Kifipa.

"Si shamba, Bibi. Ni bustani."

"Ya nani?"

Nilijua jibu, tulifundishwa darasani. "Ya watu wote."

Akaniangalia kuona kama natania. Njiani kurudi akauliza tena, nikajibu vile vile, na kwa majivuno, maana si kila siku mtoto anamfundisha bibi yake. Usiku ule alimaliza ugali. Mama akasema hewa ya bustani imemsaidia.

Hapa inanibidi nieleze kitu kwa wale ambao hamjalima Ufipa. Kwa bibi yangu nyasi zilizosimama katikati ya masika hazikuwa mandhari. Zilikuwa chakula cha mwaka kesho kinachosubiri mtu mwenye akili. Wafipa wana kilimo chao cha ntumba: unakata nyasi pamoja na udongo wake, unageuza, unakusanya tuta la duara linalofika gotini au pajani, nyasi zote ndani. Juu yake unaweza kupanda maharage. Nyasi zinaoza taratibu masika hiyo na kiangazi chote, na mvua mpya zikianza unalivunja tuta, unausambaza udongo uliogeuka kuwa mweusi, unapanda ulezi. Bibi alifanya hivyo tangu akiwa msichana. Kwake, ardhi ambayo ni ya watu wote, yenye nyasi kama zile, na wiki mbili zimepita bila mtu kutia jembe, ilikuwa na maana moja tu. Watu wote walikuwa wavivu.

Mimi sikujua lolote kuhusu ntumba. Nilizaliwa kwenye sementi.

Tuta la kwanza nililiona nikienda shule. Nilipita njia ya nyuma, nikachungulia kwenye michongoma, na pale palipokuwa na nyasi palikuwa na mlundo wa udongo mbichi, duara, umepigwapigwa vizuri. Kando yake zilikuwepo nyayo za ndala za Bibi, ambazo ya kushoto ilikatika kisigino. Niliganda pale pale. Mimi kaburi nililijua moja tu, la babu, na hata hilo sikulisogelea. Watoto tulizuiwa, nikaona kwa mbali, kupitia miguu ya watu wazima, mlundo wa udongo mbichi uliochanganyika na nyasi. Bibi anakwisha, Mama alisema. Na Bibi, ambaye hakupenda kusumbua watu, alikuwa ameanza kujichimbia mwenyewe.

Kesho yake yakawa mawili. Nikawaza labda la pili ni la ndala na jembe. Keshokutwa yakawa matatu, na siku iliyofuata manne, na mimi darasani nikawa siandiki. Kila alfajiri nilisikia mlango wa uani ukifunguliwa polepole, nikajifunika shuka na kuomba kila dua niliyoijua. Ajabu ni kwamba Bibi alikuwa anazidi kupendeza. Alikula, alioga, akaanza kumuuliza Mama chumvi inauzwaje. Hilo nalo lilinitisha, maana niliwahi kusikia kwamba mgonjwa akikaribia kuondoka hupata nafuu ya siku chache. Ijumaa matuta yalikuwa matano. Nikahesabu nyumba yetu: Baba, Mama, mdogo wangu, mimi, Bibi. Watano.

Jumamosi asubuhi nilimkimbilia Mzee Masanja akiwa anapalilia maua.

"Shikamoo. Kule nyuma kuna makaburi."

"Makaburi ya nani?"

"Yetu," nikasema, nikaanza kulia.

Alichukua fyekeo na kunifuata. Tulimkuta Bibi amefunga kitenge kiunoni, jasho linamtoka, analipigapiga tuta la sita kwa mgongo wa jembe. Mzee Masanja aliyatazama yale matuta, akatazama nyasi alizopaswa kuzifyeka mwezi uliopita, akakohoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nani kakuruhusu kulima hapa? Hii ni bustani ya wananchi."

Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku ile kilitosha. "Mimi si mwananchi? Nimeuliza, nimeambiwa ya watu wote. Nimengoja. Hakuna mtu ametia jembe. Majani yamesimama, mmelala tu."

Mzee Masanja alituleta nyumbani wote wawili, yeye mbele amebeba jembe la Bibi begani. Nadhani njia ile ya nyumba kumi ilikuwa ndefu kwake pia, kwa sababu majirani walitoka kutazama. Baba alisikiliza akiwa amesimama na randa mkononi. Mzee Masanja alisema hapendi matata, ila bwana mkubwa wake angepita katikati ya wiki kukagua, na akikuta shamba katikati ya mji kibarua chake kitaota nyasi. Matuta yasawazishwe kesho. Baba akaomba radhi mara tatu. Mzee Masanja alipoondoka, Baba akamgeukia mama yake.

"Mama, umeniaibisha."

Alisema kwa upole, na pengine ndiyo sababu liliingia ndani zaidi. Bibi aliketi kwenye kigoda chake, akavua ndala, akaziweka pamoja vizuri.

"Nirudishe Mollo," akasema.

"Kule utakaa na nani?"

"Na hapa ninakaa na nani? Ninyi mna kazi. Mimi nakaa na sementi yako."

Baba akaahidi. Mvua zikikatika na barabara ikikauka, atatafuta gari amrudishe. Niliwasikia wakikubaliana, na nilijua kitu ambacho Baba na Mama hawakukijua: mimi ndiye niliyemsema. Bibi yangu angerudi kukaa peke yake kwenye kiwanja chenye jiko lililoungua, na ulimi wangu ndio uliomrudisha. Sijawahi kujichukia kama siku ile, na nimeshakuwa mtu mzima mwenye sababu nyingi.

Jumapili baada ya misa tulikwenda wote kusawazisha. Baba alikuwa na jembe, Mzee Masanja na reki. Kwenye kiti cha zege alikaa Bi Zuhura, mama mzazi wa mfanyabiashara mwenye duka na malori pale mtaani, ambaye kila siku alikuja kuota jua kwa sababu ua wa kwao ulijaa maboksi ya sabuni hadi mlangoni. Bibi alisimama pembeni, amegeuka, hataki kuona. Baba aliponyanyua jembe juu ya tuta la kwanza mimi nikapiga yowe.

"Usilifungue, Baba! Usilifungue, ni la Bibi!"

Watu wazima wote wakanitazama. Nikayamwaga yote, kilio na kamasi pamoja: kwamba ni mimi niliyemwambia Mzee Masanja, kwamba nilisikia Bibi anakwisha, kwamba nilihesabu makaburi na tulikuwa tunatosha, na kwamba sikujua la sita ni la nani. Mama yangu akafunika uso kwa kanga. Nilingoja kofi.

Bibi aligeuka polepole. "Kaburi?" akasema. "La duara?" Akalitazama tuta, akanitazama mimi. "Kwa hiyo mimi nitalala nimejikunja, kama mbwa jikoni?"

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, mpaka akakaa kwenye nyasi, na kila akinyamaza akiliangalia tuta kicheko kinarudi. Bi Zuhura akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akaanza. "Huyu mke mwenzangu," Bibi alimwambia, akinielekezea kidole, "anataka kunizika mapema abaki na mume peke yake." Nilikuwa sijaitwa hivyo tangu msiba. Nikazidi kulia, lakini kwa namna nyingine.

Mtu akishacheka na wewe ni vigumu kumvunjia kitu chake. Mzee Masanja aliegemea reki, akauliza hasa hayo matuta yanafanya nini. Bibi akamweleza, Baba akitafsiri palipokwama. Mzee Masanja alisema kwao wanalima matuta marefu na kuweka samadi ya ng'ombe, hii ya kufukia nyasi hakuwahi kuiona kwa karibu. Akaingiza mkono ndani ya tuta la kwanza na kuunusa udongo kama Bibi alivyofanya siku ile. Kisha akatazama mbele, kwenye ule upara uliomshinda miaka yote, ambapo alipanda ukoka mara ngapi sijui na ukafa.

"Ukioza," akasema, "unaweza kuwekwa pale?"

"Pale hata jiwe litaota," Bibi akajibu.

Wakapatana. Matuta sita yatabaki, ila yasiongezeke hata moja. Bwana mkubwa akiuliza, ni mbolea ya bustani, na si uongo. Mzee Masanja akaongeza kwamba maharage yasipandwe juu yake, maana mbolea haioti maharage.

"Kidogo," Bibi akasema.

"Hapana, bibi."

Alipanda. Bwana mkubwa alipita, nyasi za nyuma zikiwa zimefyekwa vizuri kwa mara ya kwanza mwaka ule, akasema mbolea ni jambo jema na kuondoka. Majani ya maharage tuliyala kama mboga mpaka mwisho wa masika, na Mzee Masanja alibeba fungu lake chini ya koti la njano.

Tangu hapo Bibi akawa na mahali pa kwenda. Nimekwenda miji mikubwa kuliko wetu, na kila nilipofika nimetafuta kitu kile kile. Mjini kila mahali lazima uwe umefuata kitu. Dukani unanunua, ofisini una shida, hospitali unaumwa, hata kanisani umekwenda kusali. Pale bustanini hakuna aliyekuuliza umefuata nini. Walikaa wanafunzi na madaftari yao, akina mama waliotoka kliniki na watoto migongoni, vijana waliolala chali wakiongea habari za mpira. Ndipo nilipoacha kuwadhania wagonjwa. Bibi na Bi Zuhura walinyoosha miguu kwenye nyasi, mmoja anaongea Kifipa, mwingine Kiswahili cha pwani kilichonyooka, na sikuwahi kujua walielewana kiasi gani. Nilichojua ni kwamba Bi Zuhura asipokuja Bibi alirudi nyumbani mapema, amenuna.

Lakini ahadi ilikuwa ahadi. Mvua zilikatika, upepo wa baridi ukaanza, watu wakatoa makoti. Baba hakusema kitu, nami sikuthubutu kumkumbusha. Mimi nilitarajia wamesahau. Asubuhi moja nikakuta pikapu mlangoni, na Baba anapakia fungu la nguo za Bibi, debe la mafuta na bati nne za kuezekea jiko jipya. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto ambao tayari ulikuwa unawaka. Bibi alikuwa ameshakaa mbele, karibu na dereva, sweta la babu limefungwa vifungo vyote. Mimi na Baba tukapanda nyuma.

Aliomba tusimame bustanini aage. Dakika moja, alisema. Bi Zuhura alikuwa kwenye kiti chake, amejifunika shali hadi puani. Walishikana mikono, wakaongea kila mmoja kwa lugha yake. Kisha Bibi akaenda nyuma, kwenye matuta. Akaingiza mkono ndani ya moja mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya udongo na kuifungua kiganjani. Pembeni ulikuwa mweusi. Katikati nyuzi za majani bado zilikuwa za njano.

Dereva akapiga honi. Baba akashuka, akasimama nyuma ya mama yake.

"Mama, twende. Jamaa ana safari nyingine."

"Haijaiva," Bibi akasema.

"Itaiva. Mzee Masanja yupo."

"Masanja?" Alicheka kwa pua. "Huyu atavunja kabla ya mvua, halafu ataipanga mistari." Akaurudisha udongo ndani ya tuta, akaziba tundu na kulipigapiga kwa kiganja. Hakumtazama Baba. "Mwambie huyo dereva aende. Mvua zikija, nikishavunja, tutaona."

Baba alitazama zile bati alizozinunua, zinang'aa kwenye gari. Akamtazama Bi Zuhura, ambaye alikuwa amesogea kwenye kiti chake na kuacha nafasi ya mtu. Nilishika ubavu wa pikapu kwa mikono miwili. Mwisho Baba alishusha fungu la nguo, akanipa nilibebe. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na sikuusikia uzito wake. Akapanda mbele, pale alipokuwa amekaa Bibi, akafunga mlango.

"Kwa hiyo safari imekufa?" dereva akauliza.

"Haijafa. Twende Mollo hivyo hivyo," Baba akasema. "Tukamletee kitanda chake."